Mwaka Niliochomwa Mionzi

Sindano zangu nilikuwa nikizichomeka kifuani. Kila fundi cherehani ana mahali pake pa kuziweka, mwingine kwenye kola, mwingine kwenye kijimto cha kitambaa, mimi kwenye gauni nililovaa, upande wa kulia, ili mkono wa kushoto uzifikie bila macho kutoka kwenye kazi. Asubuhi moja nilikuwa barazani kwangu Kibiti nashona sare za shule. Nilichomeka sindano, ikapenya kitambaa ikanidunga. Nikaichomoa, nikasugua pale palipouma. Chini ya kidole nikakuta kitu kigumu, kama korosho ambayo haijabanguliwa. Nikakibonyeza. Hakikuuma hata kidogo. Niliendelea kushona, lakini kila nilipofika mwisho wa mshono kidole kilirudi palepale.

Kwa kuwa hakikuuma, nilijiambia si kitu. Baadaye, hospitalini, nilikuja kujua kwamba karibu sisi sote tuliolala wodi ile tulijiambia maneno hayohayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zilipoachiwa ziingie nchini, na mimi nilikuwa tayari naogopa, ila naogopa kitu kingine. Zamani kidogo kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni kwenye duka la ushirika. Mtu akipata doti yake ya kitenge aliileta kwa fundi kwa heshima zote, akakaa pembeni kuulinda mkasi usikosee. Sasa marobota ya mitumba yalikuwa yanashushwa pale stendi, yanafunguliwa juu ya maturubai, na watu wanayainamia mpaka huoni nyuso zao. Nani angesubiri nimkatie gauni wakati lipo lililokwisha kushonwa, lina vifungo na zipu, wala halijapauka? Baraza yangu ikaanza kuwa na nafasi. Zilizobaki zilikuwa sare za shule, na kanzu sikukuu zikikaribia.

Mume wangu alikuwa mkata boriti. Aliingia na wenzake kwenye mikoko ya delta, wakakaa huko wiki kadhaa, wanalala kwenye dungu, jukwaa la miti juu ya maji, wanakata maji yakitoka na kupakia maji yakijaa. Kwa asili yeye ni mtu wa milima ya kusini, watu wa jembe, walioshuka wakakaa Mtunda. Mimi ndiye mzaliwa wa visiwa vya delta. Watu walitutania kwamba mtu wa bara ameolewa na maji na mtu wa maji ameolewa na barabara. Tulikuwa na binti mmoja, yuko shule ya msingi, mtoto wa maneno mengi.

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka deltani na kikapu chake cha kamba wakavu. Wakati huo uvimbe ulikuwa umeshakua, ukionekana nikiinua mkono. Nilimwita uani, ndani ya makuti ya bafu, nikafungua kanga. Alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyobonyeza samaki kujua ni wa leo au wa jana.

"Kina muda gani hiki?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Mumeo anajua?"

"Yuko mikokoni, mama."

Alichukua pindo la kanga yangu akanifunga mwenyewe, akakaza fundo, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu niko mdogo. Kisha akaenda jikoni akakaa kuchagua mchele ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuuchagua.

Kesho yake asubuhi ndipo aliponiambia. Mdogo wake, yule mama mdogo aliyefariki wakati mimi bado nafukuza ndege kwenye mpunga, alikuwa na kitu kama hiki.

"Mlituambia ni jipu," nikasema.

"Tulisema jipu. Hatukuwa na jina jingine."

"Na ndilo lililomwua?"

"Lilipasuka, mwanangu. Halikufunga tena."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Uji ulinishinda. Nilijaribu kukaa kwenye cherehani, uzi ukakataa kupita kwenye tundu la sindano. Nikatazama mikono yangu nikaona ndiyo inayokataa. Mama alinitungia uzi ule, mikono yake ya kizee ikaweza pale yangu iliposhindwa.

Mume wangu aliporudi, mama ndiye aliyemwambia. Wazee wa upande wake walikutana Mtunda, nasi tukaitwa. Baba yake mkubwa alitaka nipelekwe kwanza kwa mganga, kwa sababu, alisema, mwili hauoti kitu kisichouma bila kuwapo mkono wa mtu. Mume wangu aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Baba," akasema, "kwanza daktari. Mganga hahami. Tukimhitaji tutamkuta."

Nilimshukuru moyoni, na papo hapo nikaogopa zaidi. Kwa mganga ningepewa angalau mtu wa kumlaumu.

Hospitali ya kwetu walinitoboa kwa sindano, wakaniambia niende Dar, nikasindikizwa na mama na mume wangu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likikwama tunashuka, wanaume wanasukuma, sisi wanawake tunatembea kwenye tope mbele. Nakumbuka nilitamani tukwame kabisa. Nilitamani mto ufurike mpaka barabarani ili pasiwe na mtu wa kulaumiwa kwa mimi kutofika.

Tulifika. Walilitoa titi lote, na tezi za kwapani pia. Nilipozinduka mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe upande wa kulia, ukakuta bandeji na chini yake tambarare. Daktari, mwanamke kijana kuliko mimi, alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, ni kansa," akasema. "Tulichokiona tumekitoa. Tusichokiona tutakichoma kwa mionzi."

Nilimwitikia vizuri, nikamshukuru. Lakini lile neno tusichokiona lilibaki na mimi. Tangu siku hiyo kila kitu mwilini mwangu kilikuwa mtuhumiwa. Kikohozi, kichomi cha mgongo, jino. Nilikuwa nikijipapasa shingo huku nazungumza na watu, mpaka mama akawa ananikamata mkono na kuurudisha mapajani.

Mume wangu hakuingia wodini. Alikuja saa ya kutazama wagonjwa, akasimama nje getini kwenye jua, akinitumia salamu na machungwa kwa mkono wa mama. Mtu huyu alikuwa akizama mpaka kifuani kwenye vijito vyenye mamba, akiwa na shoka begani, huku anaimba. Niliona haya mbele ya wagonjwa wenzangu ambao waume zao walikaa vitandani wakiwapepea. Nilipoweza kutembea nilimfuata hukohuko nje.

"Unaniogopa?" nikamwuliza.

Aliangalia chini. "Mamba namjua anakaa wapi," akasema. "Humo ndani sijui kitu kinakaa wapi."

Nikashindwa kumkasirikia, maana hata mimi nilikuwa sijui.

Kidonda kilipofunga nikahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa saratani, nikalazwa, kwa sababu wa mbali kama sisi hawangeweza kwenda na kurudi. Kabla ya kuanza walinichora. Bwana wa mashine, mtu mpole mwenye miwani, alinilaza akanipigia mistari kifuani kwa wino wa zambarau, vilevile ninavyopiga mistari ya chaki kwenye kitambaa kabla ya kukata.

"Usiioshe, mama. Sabuni usipake, mafuta usipake. Mistari ikifutika hatujui pa kupiga."

Agizo hilo lilinitesa kuliko alivyodhani. Mimi ni Mwislamu, na kila mwezi zipo siku ambazo mwanamke hawezi kurudi kwenye sala bila kuoga mwili mzima. Siku zile zilipokwisha nilikaa kitandani na ndoo ya maji mbele yangu, naogopa maji na naogopa kuyaacha. Niliwaza: kama nikifia humu, nitakufa sijatoharika. Aliyeniona ni jirani yangu wa kitanda, mama wa makamo kutoka Mahege, anaugua kizazi, damu haikatiki. Tulikuwa majirani huko kwetu pasipo kujuana, tukaja kukutana Dar.

"Shoga, ndoo unaitazama kama imekutukana," akasema. "Kuna nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akaangua kicheko, kisha akajikamata tumbo kwa maumivu.

"Tayamamu iliwekwa kwa ajili ya nani, basi? Mwenye kidonda hagusi maji. Dini haikuja kutuua sisi."

Tulishuka pamoja hadi kwenye ua wa hospitali, tukatafuta mchanga safi wa kujitoharishia badala ya maji, ukutani ambapo hapakanyagwi. Akanitazama nikitayamamu kama mwalimu wa madrasa. Siku hiyo nilisali kwa kukaa, na nililia katika sijda, kwa furaha au kwa woga, mpaka leo sijui kutenganisha.

Chumba cha mionzi kilikuwa hakina dirisha. Mlango wake ulikuwa mzito wa chuma, ukifunguliwa na kufungwa kwa umeme. Unalala juu ya kitanda chembamba, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na mkono wangu tangu ule upasuaji ulikuwa hautaki kuinuka. Inabidi uvutwe, na unapovutwa unasikia kamba ndani ya kwapa inakazika. Kichwa cha mashine kinashushwa juu yako. Bwana wa mashine anakwambia usitikisike. Halafu anatoka, na wote wanatoka, mlango unakuja, unabaki peke yako na mlio wa mashine.

Nilimwuliza siku moja: "Kama dawa hii ni nzuri, mbona ninyi mnaikimbia?"

Hakunidharau. "Sisi tumo humu kila siku, mama. Wewe unapita tu."

Haikuuma. Hilo ndilo lililonitia hofu. Wala korosho yangu haikuuma. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba kisichouma ndicho kinachofanya kazi.

Siku zile umeme ulikuwa wa mgao. Hospitali ilikuwa na jenereta, lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka palikuwa na pengo, na siku nyingine jenereta lilikataa kabisa. Siku moja kama hiyo ilinikuta nimelala pale. Taa zikazimika, mlio ukakatika. Kulikuwa mchana, jua linawaka nje, lakini humo ndani nilifungua macho na kuyafumba nikaona giza lilelile.

Sikutikisika. Nilikuwa nimeambiwa nisitikisike. Niliwaza kwamba lile tundu la mashine limebaki wazi juu yangu, linaendelea kunichoma kimyakimya, nami nikisogea litachoma mahali pengine, moyo au ini. Nilisikia mtu anagonga mlango na sauti inaita kwa mbali sana: "Mama! Usi..." na baada ya hapo sikushika neno. Usi nini? Usisogee? Usibaki? Nikapiga shahada. Nikaipiga tena. Halafu, jambo la ajabu, akili ikaenda kwenye sketi za watoto wa darasa la kwanza nilizoziacha nimezikata na sijaziunga. Nilijiuliza ni nani atakayejua kipande cha mbele na cha nyuma. Nikaanza kumweleza mtu huyo kichwani, fundi huyo wa baada yangu, kipi kianze na kipi kifuate. Jasho lilikuwa linaniingia masikioni.

Waliufungua mlango kwa kuzungusha kishikio chake kwa mkono, chuma kikilalamika. Bwana wa mashine aliingia na tochi.

"Mbona hukushuka, mama? Mashine hii umeme ukikatika inajifunga yenyewe. Nimekuita kwa nguvu zangu zote."

"Uliniambia nisitikisike," nikasema.

Alianza kucheka, tochi ikapita usoni kwangu, akaacha. Kanga yangu ilikuwa imelowa, wala si kwa jasho. Aliliona hilo pia. Alivua koti lake jeupe akanifunika, akaishika ile tochi ikitazama ukuta mpaka nikaweza kukaa, na wodini hakulisema kwa mtu yeyote. Mungu amlipe.

Niliapa sirudi. Mama wa Mahege alinisikiliza huku anamenya chungwa.

"Kesho tunakwenda wote," akasema. "Wewe ukiingia, mimi nitakaa nje ya mlango nakukoholea."

"Mlango ule? Sitakusikia."

"Hutanisikia. Lakini utajua kwamba nakohoa."

Akafanya hivyo. Kesho yake na siku zilizofuata, amejikunja kwenye benchi na maumivu yake mwenyewe, anakohoa kikohozi cha uongo, manesi wanamwuliza kama apewe dawa ya kifua. Mimi ndani nimelala na mkono juu ya kichwa, sisikii kitu, na najua.

Yeye hakumaliza tiba. Mumewe alikuja kumchukua wakati mvua za masika zimeanza na mpunga unangoja. Daktari aliwasihi, nikamsikia mwenyewe, akiwaambia damu kukatika si kupona. Mama wa Mahege alikuwa anafunga kanga zake kwenye furushi, uso umechangamka.

"Damu imekata, mwenzangu. Nimepona. Ukirudi Kibiti uje, nitakupikia wali wa mpunga mpya."

Nilitaka kumshika nguo. Nilimshika mkono tu, tukaagana. Kwenye benchi lile akakaa mgonjwa mwingine, mtu wa bara, mkimya, na siku zangu zilizobaki niliingia chumba kile bila kikohozi cha mtu.

Ngozi ya kifuani iliiva, ikawa nyeusi kama sufuria, ikachubuka, ikapona. Wakaniruhusu.

Nilirudi nyumbani mkono wa kulia umeanza kuvimba. Cherehani yangu ilikuwa ya mkono. Kulia kunazungusha, kushoto kunaongoza kitambaa. Nikizungusha kidogo tu, vidole vinakuwa kama ndizi mzuzu, pete imenibana mpaka ikabidi ikatwe. Kila jioni niliusimamisha mkono ukutani na kuutambaza kwa vidole kwenda juu, kama nilivyofundishwa, binti yangu ananipigia alama ya mkaa pale ulipofika. Siku ulipofika chini ya alama ya jana nilikuwa silali.

Mume wangu alirudi kutoka mikokoni, akatandika mkeka sakafuni. Sikumwuliza. Nilijua, au nilidhani najua. Wifi yangu alikuwa ameshanidokeza kwamba mwanamume bado kijana, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumpokea mke mwenzangu, nimempangia hata chumba. Siku kadhaa zilipita hivyo. Asubuhi moja tunakunywa chai nikashindwa.

"Kama unataka kuoa, oa. Ila uniambie mwenyewe, nisisikie stendi."

Aliweka kikombe. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Kuoa nani?"

"Unalala chini."

"Nalala chini kwa sababu nageuka sana usingizini, mke wangu. Huko kwenye dungu wenzangu wananifukuza. Naogopa kukupiga kidonda na kiwiko."

Nilicheka mpaka nikauma pindo la mtandio. Lakini hofu ya namna ile haitoki kwa neno moja. Hata alipoacha mkeka, nilikuwa navua nguo nimempa mgongo, kwa muda mrefu sana.

Kazi ilirudi kwa mlango mwingine. Watu waliokuwa wananunua mitumba waligundua kwamba Wazungu ni wapana mabega na warefu miguu. Wakaniletea kupunguza. Kaka mmoja wa mume wangu alinipatia cherehani ya kukanyaga kwa miguu, tukabadilishana na ile ya mkono, na mkono wangu ukapumzika. Nikawa sishoni nguo mpya, nafumua na kubana zilizokwisha kuvaliwa na watu nisiowajua. Nilijitengenezea sidiria, kikombe cha kulia nikakijaza sufi, pamba ile ya msufi, nikashonea na vijiwe vidogo ndani ili isipande shingoni nikiinama. Ilikaa vizuri. Mwanamke mmoja wa Umwe, aliyetoka hospitali ileile, akaja kuniomba naye nimshonee. Akafuata mwingine. Nilifurahi kuwasaidia, sitakataa. Lakini kila nilipompima mmoja wao, nikipitisha utepe juu ya kovu, nilikuwa namtazama rangi ya macho na unene wa shingo, nikimhesabia siku. Na nilijua kwamba na wao, wakinishukuru, wananitazama hivyohivyo.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda Mahege kula ule wali. Nilichukua kilo ya sukari na kipande cha kitambaa. Mkwe wake alinipokea uani, akaniwekea kigoda, akaingia ndani akatoka na maji ya kunywa kabla hajasema.

"Mama ametangulia," akasema. "Tangu mpunga ulipoanza kuchanua."

Alikuwa na nguvu kunizidi mimi. Alikuwa anacheka. Nilirudi njia nzima kwa miguu mpaka barabara kuu, nimeusahau mwavuli wangu kwao, nikihesabu nilichofanya ambacho yeye hakufanya, na kila nilipokipata nilikiona kidogo mno kubeba uhai wa mtu.

Kliniki nilikuwa naenda Dar mara kwa mara. Nilizoea kuanza kuumwa wiki moja kabla: mgongo, kichwa, pumzi. Nikitoka kule na jibu zuri, maumivu yanaisha kabla sijafika Mbagala. Kisha siku moja daktari alinipapasa, akaangalia picha, akasema sasa nije baada ya mwaka. Wenzangu wangeruka kwa furaha. Mimi nilimwuliza, "Kwani nimekosa nini?" Alicheka akidhani natania. Niliona kama nimeachiwa mkono katikati ya mto.

Ilikuwa ndani ya mwaka huo. Binti yangu alikuwa ameingia darasa la sita, amerefuka, maneno yamempungua. Nilikuwa nabana suruali ya mtu, miguu kwenye kanyagio. Alikuja akasimama pembeni, amekunja mikono kifuani.

"Mama."

"Nini?"

"Nina uvimbe."

Miguu yangu iliendelea kukanyaga peke yake, sindano ikashona hewa.

"Wapi?"

Akanionyesha. Upande wa kulia, chini ya chuchu. Nilimvuta ndani, nikafunga mlango, nikaweka kidole. Kilikuwepo. Kidogo, kigumu, cha duara, kinateleza chini ya ngozi. Nikamwona mama mdogo wangu. Nikaona damu ya mama yangu inapita kwangu inakwenda kwa mtoto, na mimi ndiye niliyeipitisha.

"Kinauma?" Niliomba aseme kinauma.

"Nikikigonga tu."

Sikuvaa mtandio vizuri. Nilimshika mkono tukatoka, suruali ya mtu imebaki juu ya cherehani, tukatembea hadi zahanati, yeye akikimbiakimbia kunifikia na kuniuliza, "Mama, nitakatwa? Mama, na mimi nitakatwa?" nami nikazidi kukaza mwendo, kwa sababu ningefungua mdomo ningelia barabarani.

Nesi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima ambaye amezalisha nusu ya Kibiti. Alimlaza binti yangu, akamgusa upande wa kulia, akamgusa na wa kushoto. Akanitazama mimi.

"Umri gani huyu?"

Nikamtajia.

"Ameshavunja ungo?"

"Bado."

"Basi yuko njiani. Anaota matiti, dada yangu. Yanaanza hivi, kama kete, na mara nyingi moja linatangulia. Hata wewe yalianza hivi."

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa mwanamke mzima, mama, fundi niliyepima vifua vya watu miaka yote ile, na nilikuwa nimesahau kwamba matiti huanza. Nilikaa chini sakafuni pale zahanati. Yule nesi akaniacha nilie, akamwambia binti yangu avae, akampa maji aniletee.

Tulirudi polepole. Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa chumba changu.

"Mama, kovu lako nilione."

Tangu nirudi kutoka Dar hakuwa ameliona. Nilikuwa naoga nimefunga mlango, navaa gizani. Nilitaka kumwambia hayo si ya watoto. Badala yake nikafungua vifungo, nikatoa sidiria yangu ya sufi, nikasimama mbele ya dirisha palipo na mwanga. Alitazama kovu lote, tangu kifuani mpaka kwapani, na ngozi nyeusi iliyochomwa. Alisogea. Hakuligusa.

"Linauma?"

"Haliumi. Nikiinua mkono linavuta."

"Na uvimbe ukirudi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kwa sauti. Si mume wangu, si mama, si daktari.

"Naogopa utarudi," nikamwambia. "Kila siku naogopa."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo alishalijua na alikuwa anangoja tu lisemwe na mwenyewe. Kisha akaokota sidiria kitandani, akanigeuza mgongo, akaanza kunifunga kulabu moja moja, akihangaika nazo, kwa kuwa zilikuwa ndogo na hakuwa amezoea.